Wapresbiteri: eti kanisa ni la mchungaji?

Huku Mtwara ukitaja kanisa mtu anawaza Waanglikana wa Masasi, Wakatoliki wa Ndanda au walokole wa mtaani kwake. Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wanaoongozwa na vikao vya wachungaji na wazee badala ya askofu, wamejaa zaidi kwa majirani, kanisa la PCEA kule Kenya na CCAP Malawi, ndo maana kijiweni kwenye kahawa yanayosemwa kuhusu wachungaji na wazee wao mengi ni ya kukisia.

"Kanisa ni la mchungaji." Hili ndo kubwa, na linatokana na kuzoea kuona baba mchungaji kaanzisha huduma, kiwanja chake, akaunti yake, mke wake ndo mhazini. Kwa Wapresbiteri sivyo kabisa. Mchungaji anaitwa na ushirika, yaani waumini wa kanisa la pale, presbiteri (kikao cha juu cha makanisa ya eneo) ndo inamwekea mikono, na akiharibu presbiteri hiyohiyo ndo inamuita kumhoji, sio wazee wake. Kwenye baraza la wazee yeye ni mwenyekiti, na kwa Wapresbiteri wa Scotland hata kura hapigi mpaka zikilingana, hapo ndo anaamua. Kwahiyo msimu wa korosho watu wamelipwa na sadaka imenona, mchungaji hawezi kuamka tu asubuhi akasema tunanunua spika mpya, lazima jambo lipite kwa wenzake na wapo watakaomkatalia mchana kweupe.

"Hawana askofu, kila mtu anajifanyia." Wanasimamiwa sana tu, ila na vikao. Baraza la wazee, juu yake presbiteri ambayo wachungaji na wazee wanakaa pamoja na kura ya mzee ni sawa na ya mchungaji, halafu sinodi, kikao cha presbiteri kadhaa, kwa wanaokuwa nayo, halafu mkutano mkuu. Moderata, yaani mwenyekiti wa mkutano mkuu, sio askofu kwa jina lingine, Scotland anakaa mwaka mmoja anampisha mwingine. Vikao virefu lakini, hilo siwatetei.

"Mzee wa kanisa lazima awe na mvi, au awe na hela." Waumini wanachagua mtu wanayemjua mwenendo, awe wa miaka 35 anauza samaki feri sawa tu, halafu anawekwa wakfu naye. Kukaa mbele na suti ndo kazi ndogo. Anapewa familia zake za kuangalia: nani kaacha kuja, nani kalazwa Ligula, nani na mkewe hawaongei. Zamani Scotland ilikuwa serious zaidi, kabla ya meza ya Bwana mzee anapita nyumbani kwako, akiridhika unapewa kidude cha chuma kama sarafu, siku ya siku huna hicho hukai mezani. Jiulize wangapi tungekipata.

"Wanawake hawaruhusiwi." Inategemea kanisa. Church of Scotland, kanisa la Kipresbiteri la kule, ilikubali wazee wanawake 1966 na wachungaji 1968, PCEA ikamweka wakfu mchungaji mwanamke, Nyambura Njoroge, 1982. Yapo ya Kipresbiteri yanayokataa mpaka leo.

Na lile la mwisho, "wazee ni wabunge wetu." Mnawachagua kweli, ila wakishaingia barazani hawatumwi na mtu, wanatakiwa waamue kwa dhamiri na Maandiko, kwahiyo mzee akipinga lile jambo lako ulilolipigia kampeni mtaa mzima, usimfuate getini kumwambia kura yangu nirudishie.