Tundu la USB Likiwa Polepole, Usiseme Limekufa

Hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, flashi ikinakili video kwa kujikokota watu husema "tundu limekufa" au "ni virusi." Wengine hulipa kompyuta ifutwe na kuwekwa Windows upya, na kasi inabaki ile ile. Inaniuma, maana mara nyingi tundu ni zima.

Chungulia ndani ya tundu. Kiulimi cheusi kwa kawaida ni USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Cha buluu kwa kawaida ni USB 3.0, iliyotoka 2008, yenye gigabiti 5. Rangi si sheria, lakini husaidia. Diski ya nje ya 3.0 ukiichomeka kwenye tundu la 2.0, itaenda kwa mwendo wa tundu. Na flashi ya bei rahisi huandika polepole hata kwenye la buluu, kwa sababu chipu zake zenyewe ni nzito.

Kifaa kukatika-katika ni habari nyingine, na hapo shuku stima kwanza. Tundu la 2.0 hutoa miliampia 500, la 3.0 hutoa 900. Diski ikishiriki na vifaa vingine habu moja (kile kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi) isiyo na adapta yake ya stima, hukosa nguvu: inalia tik-tik, kisha inapotea kwenye skrini. Ichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta, halafu jaribu waya mwingine, mfupi. Lilaumu tundu ikiwa tu kifaa hicho na waya huo vinafanya kazi vizuri kwenye tundu la jirani lenye kasi sawa.