Tunaposoma Maoni Yenu Mtandaoni Kuhusu Chanjo

Kila kampeni ya chanjo inapokaribia, malalamiko ya aina mbili hutufikia sisi wataalamu wa afya tunaosoma maoni ya mtandaoni. Wananchi wanalalamika kwamba wataalamu wa afya wanapekua simu zao ili wajue nani amekataa chanjo. Baadhi ya maofisa na wasimamizi wa kurasa nao wanatulaumu kwa kuchelewesha takwimu za wanaokubali na wanaokataa chanjo, ilhali wao wameshapigisha kura kwenye ukurasa wa Facebook na kuona kuwa "wengi hawataki". Wote wamekosea, na kosa la pili ndilo linalowagharimu watoto zaidi.

Hakuna anayesoma WhatsApp yako. Ujumbe wa huko umefungwa kati ya simu ya anayetuma na ya anayepokea. Yanayotufikia kutoka kwenye makundi hayo ni yale ambayo mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ametutumia mwenyewe akiuliza kama ni kweli. Tunachosoma ni kilichoandikwa hadharani, na tunakilinganisha na maswali ya wanaopiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya ya Tanzania. Humo tunatafuta jambo moja tu: watu wameanza kuuliza nini wiki hii ambacho wiki mbili zilizopita hawakukiuliza? Ni wazazi wangapi watawapeleka watoto, mtandao hauwezi kutuambia.

Sababu inaonekana wazi kwenye chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Msichana wa darasa la nne hana akaunti. Anayemwamulia ni mama, baba, na mara nyingi bibi anayeishi naye kijijini, ambaye huenda simu yake ni ya kitochi. Sasa fungua chapisho lolote kuhusu chanjo hiyo uone nani wanaobishana. Wengi hawana binti wa umri huo.

Tuseme wewe ofisa au msimamizi wa ukurasa umekusanya maoni 1,000. Toa yaliyonakiliwa neno kwa neno, toa ya vyombo vya habari na ya taasisi kama yetu, kisha hesabu akaunti badala ya maoni. Unaweza kubaki na akaunti 140, na ukakuta 9 kati yake ndizo zilizoandika nusu ya maneno makali. Asilimia utakayoitangaza redioni itakuwa ni habari ya watu tisa. Hata hao tisa, usiseme ni wa wilaya yako bila ushahidi. Kiswahili hakina mpaka: chapisho linaweza kutoka Mombasa, Bukavu au Muscat, na linaweza kuwa la zamani. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wakidai ina kitu cha kuzuia uzazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walisisitiza kuwa ni salama. Habari ya namna hiyo ikinakiliwa bila tarehe, msomaji wa leo huidhani ni ya jana na ni ya hapa.

Orodha ya maneno ya kutafutia ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukiandika "chanja" peke yake utaletewa timu inayochanja mbuga, mtu anayechanja kuni na mganga anayechanja chale. "Dozi" italeta matokeo ya mpira, maana timu iliyofungwa mabao manne nayo imepewa dozi. "Sindano" italeta mafundi cherehani, na jambo zito zaidi, italeta sindano ya uzazi wa mpango. Hizo usipozitenga, malalamiko ya mwanamke aliyekosa hedhi kwa sababu ya sindano ya uzazi yataingia kwenye hesabu ya chanjo, nawe utaripoti hofu ya ugumba ambayo haipo. Upande wa pili, utakosa mengi usipoweka "matone" kwa polio, "ukambi" kwa Wakenya wanaozungumzia surua, na "kudungwa" kwa vijana wa Nairobi.

Programu za kupima hisia, yaani za kompyuta zinazojipangia zenyewe maoni kuwa chanya au hasi, hazifai kuachiwa zikuamulie. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe: sichanji, hatumchanji, asichanjwe. Mtu akiandika "sichanji hata kwa dawa", amekataa katakata, lakini programu inaweza kuona neno "dawa" na kumhesabu kuwa anaunga mkono. Akiandika "haya, tangulieni, sisi tunawatazama", hakuna neno hata moja baya humo, ila kila Mswahili ameelewa.

Soma kwa macho. Anza siku 14 kabla ya tangazo la kampeni ili uwe na msingi wa kulinganisha. Andaa makundi mapema: swali, hofu ya madhara, kutoamini mtoaji, shida ya huduma, kukataa, kuunga mkono, nje ya mada. Wasomaji wawili wayapange maoni 200 yaleyale, kila mmoja peke yake bila kushauriana, kisha mkokotoe kappa, kipimo cha jinsi wawili hao walivyokubaliana kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu. Kikiwa chini ya 0.7, msiendelee, maelezo ya makundi yenu hayaeleweki. Mara nyingi wanagongana kwenye swali na kukataa, na hapo naomba tuwe makini. "Mbona mwanzo zilikuwa dozi mbili, sasa moja?" ni swali, tena ni swali la mtu anayefuatilia. Jibu lipo: utafiti ulionyesha kinga ya dozi moja kwa umri huo inakaribiana na ya mbili, na WHO iliikubali ratiba hiyo mwaka 2022. Ukimweka muulizaji kwenye kapu la wapotoshaji, umempoteza bure.

Kundi la shida ya huduma ndilo linalopuuzwa kuliko yote. "Nimeenda mara mbili, wananiambia nirudi Alhamisi, nimechoka na hiyo chanjo yenu." Programu itasema ni hasi, na ofisa mwenye haraka atasema ni mpinzani. Huyu ni mama anayeitaka chanjo! Kichupa cha surua-rubella cha dozi 10 kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo vituo vingine husubiri watoto wakutane siku moja ndipo kifunguliwe. Dawa ya lalamiko hilo ni kituo kubandika siku za chanjo mlangoni na kuziheshimu, au kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Kipeperushi cha elimu hakitamsaidia kitu.

Sasa upande wa sheria, kwa kuwa maswali ni mengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida zinahitaji idhini yake ya maandishi. Taasisi inayokusanya au kuchakata taarifa binafsi husajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayefichua taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kwa hiyo msimamizi wa ukurasa asitunze majina ya "waliokataa", wala asipeleke picha ya maoni ya mzazi kwa mtendaji wa kijiji. Futa jina, picha na namba kabla ya kupanga maoni. Tunachohitaji ni maneno na tarehe.

Kuhusu uvumi, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Zingatia maneno "akijua" na "kwa nia". Mzazi aliyeogopa na kuuliza hajatenda kosa. Tumewaomba mara kwa mara wasimamizi wa kurasa waache kubandika kifungu hiki chini ya kila swali, na bado wapo wanaofanya hivyo. Wazazi wakitishwa hukimbilia makundi yaliyofungwa, na swali lao hatulioni tena.

Ukikutana na ujumbe wa kutia hofu kuhusu chanjo, usiusambaze hata kwa kuukanusha. Piga picha ya skrini, funika majina na namba za simu, andika tarehe uliyoupata na wilaya uliyopo, kisha mpe mhudumu wa afya wa eneo lako au piga 199 uusome kama ulivyoandikwa. Usiufupishe kwa maneno yako; tunahitaji maneno yenyewe, kwa kuwa ndiyo tutakayoyatafuta kesho yake.