Mamlaka Kamili ya Taifa na Shinikizo Lisilotumia Silaha

Mamlaka kamili ya taifa ni haki ya nchi kujiamulia mambo yake ya ndani na uhusiano wake na wengine bila kupokea amri kutoka nchi nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unaitaja katika ibara ya 2, unaposema kwamba Umoja huo umejengwa juu ya usawa wa mamlaka wa wanachama wake wote, ndiyo maana katika Baraza Kuu Rwanda ina kura moja na Marekani ina kura moja. Haki hiyo haina maana kwamba nchi haitashinikizwa. Ugumu wa dhana nzima umo katika swali la ni shinikizo la aina gani linaloivunja haki, na lipi ni bei tu ya kufanya uamuzi.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ililigusa swali hilo mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani. Ilisema kwamba kuingilia mambo ya nchi nyingine ni haramu pale nguvu ya kulazimisha inapotumika katika mambo ambayo nchi ina haki ya kuyaamua yenyewe, kama vile mfumo wake wa siasa na uchumi au sera yake ya nje. Kwa kipimo hicho, hatua ya Marekani ya kuwapa silaha Contra, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Nicaragua, ilikuwa kosa. Lakini kuhusu Marekani kusitisha misaada na kuweka vikwazo vya biashara vya 1985, mahakama haikuona kwamba kanuni hiyo ya kimila, yaani inayotokana na desturi za mataifa, ilikuwa imevunjwa, ingawa vikwazo vilikiuka mkataba wa urafiki wa 1956 baina ya nchi hizo mbili. Mlango wa uchumi, ambao kwa maoni yangu ndio unaotumiwa zaidi, ukabaki wazi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliuona mlango huo kupitia mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipate nafasi, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kililalamika kwa serikali yao, kikitaka nchi hizo ziangaliwe upya katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, ambayo viwanda vyake vilikuwa vikiuza huko nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo wa ushuru. (Kiswahili kina neno moja, dola, kwa serikali na kwa fedha ya Marekani, na katika mgogoro huu dola mbili hizo zilikutana.)

Ni rahisi kusema kwamba Rwanda ilikuwa na ujasiri kuliko majirani zake, lakini hesabu inaeleza zaidi kuliko ujasiri, kwa sababu mauzo yake ya nguo huko Marekani yalikuwa madogo sana, na kahawa na bidhaa zake nyingine hazikuguswa. Kenya nayo haikupoteza mamlaka yake iliporudi nyuma, maana iliamua yenyewe, ikiwa na ajira za maelfu ya mafundi wa viwandani mikononi. Vilevile AGOA si mkataba wa pande mbili. Ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, iliyompa Rais wa nchi hiyo uwezo wa kuamua nani anastahili, kwa hiyo Washington nayo ilikuwa ikitumia mamlaka yake juu ya soko lake.

Mahali ambapo dhana hii haitoi jibu ni ndani ya nchi yenyewe. Uamuzi wa Kigali ulikuwa halali na ulikuwa wa Rwanda, lakini gharama zake za kila siku zilimwangukia muuza caguwa, kama mitumba inavyoitwa kule, ambaye robota lake lilikuwa limepanda bei kabla viwanda vya ndani havijaweza kumpa nguo ambazo mteja wake angemudu kuzinunua.