Kidole cha Tatu ni Kipi?

Majirani zangu hapa Donholm, Nairobi, wakisikia nashughulikia bili za hospitali, huniuliza mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali. Bili zangu ni za Marekani. Huanza kuingia jioni, Jogoo Road ikiwa imejaa matatu na kliniki za Chicago ndiyo kwanza zinafunguliwa. Nasoma ripoti ya daktari, naigeuza kuwa misimbo, yaani namba za kila ugonjwa na upasuaji, ambayo bima italipia. (Ningeiita kodi, lakini hapa ukitaja kodi mtu anawaza KRA, watoza ushuru.)

Wiki hii ni vidole tu. Gegedu, ule utando unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishalika, hata kushika kikombe ni mateso. Daktari hukwangua iliyobaki, akaibana mifupa miwili kwa waya au skrubu mpaka ishikane. Kiungo hakikunjiki tena, ila maumivu hupungua.

Viungo vya kidole chenyewe vina msimbo 26860. Cha kwenye fundo la ngumi ni 26850. Ripoti ikisema tu kwamba kiungo cha kidole cha shahada kimeunganishwa, nimekwama, maana kidole hicho kina viungo vitatu. Vikiunganishwa viwili vya kidole chenyewe siku hiyohiyo, cha pili huwa 26861. Mgonjwa akitolewa kipande cha mfupa wake kipandikizwe hapo, 26860 inakuwa 26862, na kazi ya kukitoa imo humo humo. Kazi ya kufunga waya au skrubu vilevile imo. Ukiitoza kando unatafuta ugomvi.

Kisha kuna hesabu ya vidole, ambayo imenitoa jasho kuliko yote. Kila msimbo wa upasuaji huongezewa alama ya kidole, na Wamarekani huanzia gumba: la kushoto ni FA, shahada F1, cha kati F2, cha pete F3, cha mwisho F4. Mkono wa kulia huanza na F5 kwenye gumba hadi F9. Daktari mmoja aliandika kidole cha tatu, mkono wa kushoto. Nikaweka F2. Bima ikakataa, kwa kuwa kibali walichokuwa wametoa kilikuwa cha F3. Kumbe yeye gumba halihesabu! Msimbo wa ugonjwa nao haukusaidia: M19.042 husema ni mkono wa kushoto, haisemi kidole kipi. Eksirei ndiyo iliyosema, cha pete.

Hata ukijua ukweli, huruhusiwi kurekebisha ripoti mwenyewe. Nilimwandikia daktari, akaongeza maelezo yenye tarehe na sahihi yake, bili ikatumwa upya. Siku hizi nafungua kibali na eksirei kabla ya ripoti. Na ombi langu kwa madaktari ni lilelile: andikeni jina la kidole, jina la kiungo, upande, na kama mgonjwa alijaribu gango la kushikilia kidole, sindano au dawa kabla ya kupasuliwa, kwa sababu hilo ndilo bima huliulizia kwanza.

Iliyo mbele yangu sasa inasema kidole cha nne. Swali nimeshatuma, kule bado ni mchana.