Agitos ni nini? Zile alama tatu za Paralimpiki

Ukiangalia Paralimpiki, yaani yale mashindano ya wanamichezo wenye ulemavu yanayokuja baada ya Olimpiki, kwenye bendera nyeupe utaona alama tatu zimejikunja kama mwezi mchanga, nyekundu, bluu na kijani. Hizo ndo zinaitwa Agitos, moja ni Agito, neno la Kilatini lenye maana ya "najongea". Wengi wanadhani ni za zamani kama pete za Olimpiki, wapi, zimepitishwa 2003 tu.

Kabla ya hapo stori ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1988 kule Seoul, Korea Kusini, waandaaji waliichukua tae-geuk, ile duara iliyo katikati ya bendera ya nchi yao, wakatoa umbo la nusu yake linalofanana na tone lenye mkia, halafu wakaweka matone matano, tatu juu mbili chini, bluu, nyeusi, nyekundu, njano na kijani. Sasa hebu isimamie mbali kidogo hiyo bendera uitazame, si ni pete za Olimpiki hizo! Wenye pete zao wakalalamika, na mi kusema kweli nawaelewa, zile pete ni biashara, wadhamini wanalipia hela ndefu kuzitumia.

Basi 1994 matone yakapunguzwa yakabaki matatu, yakapewa maana ya akili, mwili na roho. Ila Michezo ya Lillehammer, Norway, mwaka huohuo bado ilitumia yale matano kwa sababu maandalizi yalishaenda mbali, yaani mwaka mmoja nembo mbili.

Agitos zikaja kuonekana kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya kufunga Athens 2004, na Torino 2006 ndo ikawa Michezo ya kwanza kuzitumia rasmi. Zimepangwa kama zinazunguka kitu kimoja katikati, ndo maana ya ule mwendo, na rangi zile tatu zilichaguliwa kwa vile ndo zinaonekana zaidi kwenye bendera za mataifa. 2019 zikang'arishwa kidogo zilingane na pete, wengi hata hawakushtuka.

Kwa hiyo ukikuta picha ya Paralimpiki ina matone matano kwenye bendera, jua ni ya kati ya 1988 na 1994.