Kubadilisha springi za valvu katika injini ya pikapu: maana yake na kazi yenyewe

Springi ya valvu ni waya mnene wa feleji uliokunjwa kwa mviringo, ukavishwa kwenye shina la valvu (mlango wa kuingizia hewa au kutolea moshi) juu ya hedi ya injini, yaani kichwa kinachoziba silinda kwa juu, ukabanwa kwa sahani ndogo ya chuma. Kamusi zetu zina neno zuri la kifaa cha namna hii, nalo ni kamani, lakini ukiingia gereji yoyote ukaomba kamani utatazamwa kama mtu aliyepotea njia, kwa hiyo katika maelezo haya nitabaki na springi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba springi haifungui valvu. Kazi ya kufungua ni ya kemshafti, shafti yenye nundu ambazo husukuma valvu kwenda chini, ama moja kwa moja ama kupitia roka, yaani mkono mdogo unaopokea msukumo wa nundu na kuupeleka kwenye valvu. Nundu ikishapita, kemshafti haina tena la kusema: haina mkono wa kuivuta valvu irudi juu. Kuirudisha, kuikalisha kwenye siti yake, yaani ukingo inaouziba, bila kudunda, na kuishikilia hapo wakati wa mgandamizo na mlipuko, yote hayo ni ya springi peke yake. Ndiyo maana injini yenye springi dhaifu hufungua valvu zake sawasawa kabisa na bado ikakosa nguvu, kwa sababu kasoro iko katika kufunga.

Kazi hiyo hufanyika mara nyingi kuliko wenye magari wanavyodhani. Katika injini ya mipigo minne kila valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Tuseme pikapu inakwenda kilomita 80 kwa saa na injini inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Kila springi itabanwa na kuachiwa mara 1,250 kwa dakika. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, umbali wa takriban kilomita 190, kila springi itakuwa imefanya kazi hiyo karibu mara 178,000, tena ikiwa imelowa oili ya moto. Hakuna chuma kinachobebeshwa mzigo wa namna hiyo kwa miaka bila kulegea hata kidogo.

Kulegea kwenyewe kunahitaji kuelezwa kwa tarakimu, kwa kuwa hakuonekani kwa macho. Nguvu ya springi hulingana na kiasi ilichobanwa. Chukua mfano wa springi ambayo kila milimita moja ya kubanwa huongeza nyutoni 30. Ikifungwa kwenye hedi ikiwa imebanwa milimita 8, itaishikilia valvu kwenye siti kwa nyutoni 240. Kemshafti ikiisukuma milimita 10 zaidi, nguvu itapanda hadi nyutoni 540. Sasa springi hiyo ikifupika milimita moja tu kwa uchovu, nguvu ya kwenye siti itashuka hadi nyutoni 210, yaani imepotea sehemu moja kati ya nane. Milimita moja ni kitu ambacho fundi akiweka springi mkononi na kuitazama hawezi kukiona, na bado ndiyo tofauti kati ya valvu inayofuata nundu na valvu inayochelewa.

Valvu inayochelewa ndiyo inayosemwa kuwa inaelea. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, valvu iliyosukumwa kwa nguvu huwa na msukumo wake yenyewe, na springi isipoweza kuishinda, valvu huendelea kuning'inia wakati nundu imeshageuka. Mgandamizo huvuja, nguvu hupotea ghafla katika kasi fulani, na katika injini nyingi valvu iliyochelewa hukutana na pistoni inayopanda. Dereva wa dizeli hujiona yuko salama kwa kuwa gavana ya pampu haimruhusu kupita kasi iliyowekwa, lakini gavana hupunguza mafuta tu. Haina uwezo juu ya magurudumu. Anayeteremka mlima kama Kitonga na mzigo kamili, akarudisha gia ya chini kuliko inavyostahili, huyalazimisha magurudumu kuizungusha injini kwa kasi ambayo springi zake hazikukusudiwa kuihimili.

Hapa ndipo vipimo vingi vya gereji hudanganya. Mwenye gari hulalamika kwamba pikapu haivuti kwenye kasi kubwa, fundi hupima kompresheni, yaani mgandamizo, kipimo husoma vizuri, na springi huondolewa katika orodha ya washukiwa. Lakini kompresheni hupimwa kwa starta, ambayo huzungusha injini polepole mno, na kwa mwendo huo hata springi iliyochoka huwahi kufunga valvu. Kwa injini ya petroli, kipimo cha mvuto wa hewa kilichounganishwa kwenye manifoldi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, husema zaidi: sindano ikianza kutikisika, na mtikisiko ukazidi kadiri kasi inavyoongezwa, springi ndizo za kutazamwa kwanza.

Springi iliyovunjika haihitaji utaalamu mwingi, kwani hupiga kelele ya kugonga na silinda yake hukosa moto. Hatari yake ni nyingine: ikivunjika vibaya, vifungio vinavyoshikilia shina vinaweza kuachia, valvu ikatumbukia ndani ya silinda, na hapo mazungumzo hayatakuwa tena ya springi bali ya injini nzima.

Springi iliyotolewa hupimwa, haikisiwi. Urefu wake ikiwa huru hupimwa kwa vernia na kulinganishwa na kitabu cha injini hiyo. Kisha husimamishwa kwenye kioo kando ya kipimapembe cha fundi na kuzungushwa taratibu. Ikiinama kupita kiasi, ambacho kwa injini nyingi huwa kati ya milimita 1.6 na 2, huondolewa hata kama urefu wake ni mzuri, maana springi iliyopinda husukuma shina upande mmoja na kula bushi yake, yaani kibomba kinachoongoza shina. Mikwaruzo pia si ya kupuuzwa. Ufa wa springi huanzia kwenye ngozi ya waya, na springi mpya iliyobanwa kwa plaizi yenye meno imekwisha kupewa mahali pa kuvunjikia.

Kuna kosa moja ambalo naliona mara nyingi kuliko yote, nalo huwapata mafundi wenye bidii. Hedi hupelekwa kukatwa siti na kusagwa valvu, kazi hufanyika vizuri, springi mpya hununuliwa, na injini hurudi ikiwa na ugonjwa uleule. Sababu ni kwamba siti ikikatwa, valvu huzama zaidi ndani ya hedi, na shina lake hupanda juu kwa kiasi hichohicho. Nafasi ambamo springi hubanwa huwa ndefu kuliko iliyopangwa kiwandani, na springi mpya kabisa hukaa ikiwa imelegea kana kwamba ni ya zamani. Dawa yake ni washa, yaani pete nyembamba maalumu za chuma, za kuwekwa chini ya springi ili kurudisha urefu uliotakiwa, na urefu huo hupimwa kwa kila valvu, moja baada ya nyingine. Washa ikizidi unene nalo ni kosa, kwa kuwa mizunguko ya springi itagusana kabla nundu haijafika kileleni.

Sasa kubadilisha kwenyewe. Maneno ni yaleyale, lakini kazi hutofautiana kwa injini na injini kiasi kwamba bei iliyotajwa kabla ya kujua injini haina maana.

Chukua 22R ya Toyota, injini ya petroli ya silinda 4 na valvu 8, yenye sentimita za ujazo 2,366, iliyobeba pikapu nyingi za Hilux miaka ya 1980 na baada yake. Kwa mtazamo wa juu springi zake ziko wazi: ondoa kifuniko, toa roka, na unazigusa. Tatizo ni kwamba boliti zinazoshikilia roka ndizo hizohizo zinazoshikilia hedi kwenye bloku. Ukizilegeza ili utoe roka, umeshaiachia gasketi ya hedi, na gasketi iliyokwisha kubanwa na kupikwa kwa miaka haitarudia kuziba kwa sababu tu umezifunga tena. Wapo wanaojaribu, na wiki chache baadaye oili hugeuka rangi ya maziwa kwa kuchanganyika na maji. Kwa hiyo katika 22R kubadilisha springi ni kazi ya kufungua hedi, ikiambatana na gasketi mpya, kuangalia kama hedi imepinda, na kuning'iniza cheni ya taiming, ile inayozungusha kemshafti, isitumbukie. Tena kuna boliti moja ndogo mbele ya hedi, chini ya gia ya kemshafti, ambayo hujificha ndani ya dimbwi la oili na kuunganisha hedi na kifuniko cha cheni. Asiyeijua hutoa boliti zote kubwa, kisha hushangaa hedi haing'oki, na huanza kuichokoa kwa nondo. Wakati wa kurudisha, boliti za hedi hukazwa kwa hatua na kwa mpangilio kuanzia katikati hadi nyutoni mita 78, na tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kati ya roka na shina la valvu, hurekebishwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea moshi.

Dizeli za Hilux za familia ya L, kama 3L na 5L, zina kemshafti inayokandamiza valvu kupitia vikombe vya chuma vilivyofunika springi. Hapa belti ya taiming hutolewa, kemshafti hung'olewa, na kila kikombe pamoja na kisahani chake cha kurekebishia nafasi huwekwa kwa namba ya mahali kilipotoka. Vikichanganywa, hesabu ya tapeti huanza upya.

Mfano wa tatu unatoka Marekani, na nauleta kwa sababu unaonyesha kwamba springi hubadilishwa hata pasipo uchovu. Pikapu za Dodge Ram zilianza kufungwa dizeli ya Cummins ya lita 5.9, silinda 6 na valvu 12, katika modeli za mwaka 1989. Wanaovuta trela nzito huifungia ekzosi breki, kifaa ambacho madereva wetu wa malori wanakifahamu: huziba njia ya moshi ili injini ijizuie yenyewe. Moshi uliozuiwa hurudisha shinikizo nyuma ya valvu za kutolea moshi, na springi za kawaida za injini hiyo, ambazo ni laini, hushindwa kuzishikilia. Valvu huinuka kwenye siti pasipo amri ya kemshafti. Kwa hiyo springi ambazo bado ni nzima huondolewa na kuwekwa ngumu zaidi. Injini hiyo ina fadhila moja kubwa kwa fundi. Valvu zake zimesimama wima, na pistoni ikiwa juu kabisa hakuna nafasi ya valvu kutumbukia, kwa hiyo hedi haifunguliwi. Pistoni hupanda mbilimbili, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, hivyo vituo vitatu katika mzunguko mmoja wa krenki vinatosha kwa springi zote 12. Tapeti zake hupimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.25 kwa kuingizia na 0.51 kwa kutolea.

Katika injini za petroli ambazo roka zake hutoka bila kugusa boliti za hedi, kama V8 nyingi za Chevrolet, valvu huzuiwa isianguke kwa hewa ya kompresa inayopitishwa kwenye tundu la plagi, au kwa kamba laini iliyoshindiliwa ndani ya silinda na kubanwa na pistoni. Mimi huipendelea kamba. Kompresa ikizimika katikati ya kazi valvu huanguka, na kamba haitegemei umeme.

Sehemu inayobaki ni ya vidole. Springi hubanwa kwa kifaa chake, na vifungio viwili vidogo, kila kimoja nusu ya bomba jembamba, hutolewa kwa sumaku. Mashimo yote ya kurudishia oili huzibwa kwanza kwa vitambaa safi. Nililijua hilo kwa gharama: kifungio kimoja kiliwahi kuniruka mkononi, kikagonga ukingo wa hedi na kupotelea kwenye tundu, na jioni nzima iliishia chini ya gari kufungua sampu, bakuli la oili la chini ya injini, kutafuta kipande kisichozidi punje ya haragwe. Sili za mashina hubadilishwa hapohapo, kwa kuwa ni rahisi na tayari zimefikiwa. Springi mpya huingia upande wenye mizunguko iliyokaribiana ukiwa chini, kwenye hedi. Vifungio hupakwa grisi kidogo ili vinate kwenye mfereji wa shina, kifaa huachiwa taratibu, kisha ncha ya shina hugongwa mara mbili kwa nyundo ya plastiki huku fundi akiwa ameweka uso mbali. Kifungio ambacho hakikukaa vizuri huruka wakati huo, juu ya meza, badala ya kuruka injini ikiwa inaunguruma.