Klipu Uliyofowadiwa Bado Si Habari

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 malalamiko tunayopokea sisi tunaofundisha waandishi hapa Zanzibar ni yale yale, "mmeziona video, mmenyamaza, mmenunuliwa". Intaneti ilizimwa siku kadhaa, iliporudi simu zikajaa klipu, na kila mwenye klipu anataka itoke redioni leo leo. Najua wengi mnatuma kwa nia njema, mtu kaona kitu kimemuuma. Ila hili la kusema mwandishi anayeuliza maswali kanunuliwa jamani tuliache, kuuliza ndo kazi yenyewe.

Jambo la mwanzo ambalo watu wanalikataa kabisa ni kuwa tarehe ya kupostiwa si tarehe ya kurekodiwa. Misri ilipozima intaneti usiku wa kuamkia Januari 28, 2011 haikurudi mpaka Februari 2, na ikirudi namna hiyo basi klipu za siku tano zote zinapanda kwa mkupuo, na za miaka mitatu nyuma zinachomekwa humo humo. Kwahivo ukiniambia "si unaona imepostiwa juzi" hujanambia kitu bado.

Jengine ni hili la "nimetumiwa na mtu wa uhakika". Sawa, wa uhakika, lakini kapiga yeye? Alikuwepo? Mara nyingi na yeye katumiwa grupu la familia, na huko imetoka grupu la wafanyabiashara wa Darajani, ukiufuata mnyororo unafika kwa mtu alieikuta tu TikTok. Na wakubwa wameteleza hapo hapo. Mei 2012 BBC iliweka kwenye tovuti picha ya mtoto anaruka juu ya safu za maiti zilizofunikwa, ikaambiwa ni ya mauaji ya raia huko Houla, Syria, kumbe mpiga picha Marco Di Lauro aliipiga Iraq mwaka 2003. Mauaji ya Houla yalikuwa ya kweli, picha ndo haikuwa yake, na ikishatokea hivo anaetaka kukanusha mauaji kapata pa kushikia. Hiyo ndo hasara ambayo watu hawaioni, mnadhani picha ya uongo inasaidia jambo la kweli, haisaidii, inaliua.

Mwaka mmoja kabla, Juni 2011, dunia nzima ilimlilia binti wa Damascus, Syria, aitwae Amina alieandika blogu na ikasemwa katekwa. Andy Carvin wa redio ya NPR ya Marekani akauliza swali dogo tu, nani kaonana nae uso kwa uso? Hakupatikana hata mmoja. Aliekuwa anaandika ni mwanamme wa Kimarekani akisoma Edinburgh.

Sasa tunafanyaje. Kwanza tunataka faili lenyewe, orijino, lililotoka kwenye kamera ya simu, kwa sababu ndani yake mna saa, aina ya simu na pengine hata lokesheni, na WhatsApp ukituma picha kikawaida inayafuta hayo na kuibana picha mpaka kibao cha gari hakisomeki. Itume kama dokumenti, nenda kwenye alama ya kuambatisha, chagua dokumenti, halafu litafute faili, usichague galari. Skrinshoti ya video haitusaidii, na video ya simu inarikodi simu nyengine ndo kabisa.

Halafu tunatafuta mahali. Kibao cha gari kinaanza na Z ya Zanzibar au T ya Bara? Gari zinakwenda kushoto kama kwetu au kulia kama Misri na Sudan? Mnara wa msikiti ule uko wapi, ukuta ule ni wa skuli gani, lafudhi ya wanaopiga kelele ni ya mjini Unguja au ya Micheweni, Pemba? Sare za kikosi gani, maana kwetu kuna polisi, kuna KMKM wa kuzuia magendo, kuna JKU wa Jeshi la Kujenga Uchumi na wengine, na watu wanawachanganya wote wanaita jeshi. Kivuli nacho kinasema, hapa kwetu mwezi wa sita adhuhuri kivuli kinaangukia kusini na mwezi wa kumi na mbili kinaangukia kaskazini, kwahivo klipu ya "Disemba" yenye kivuli cha Juni inajulikana. Msidharau hiyo. Video ya askari wa Cameroon wanaua wanawake wawili na watoto wawili ilitoka 2018 na serikali yao ikaikataa, BBC Africa Eye, kitengo chao cha uchunguzi, wakafananisha mgongo wa mlima na picha za setilaiti, wakapima vivuli, wakafika kwenye kijiji karibu na Zelevet na kwenye siku za Machi na Aprili 2015. Septemba 2020 askari wanne wakahukumiwa miaka 10. Wangeirusha siku ile ile bila ya kupima ingebaki neno la huyu na neno la yule.

Na baada ya hayo bado tunampigia mtu wa pili alieko pale pale, asiejuana na wa kwanza.

Kuhusu sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika na Zanzibar, msidanganyane kuwa ni ya Bara, na kifungu cha 16 kinamgusa anaechapisha taarifa huku anajua ni ya uongo na ana nia ya kupotosha, adhabu ni faini ya mamilioni au kifungo au vyote viwili. Hapo kwenye "anajua" na "nia" mawakili wanabishana sana, ila "mimi nimefowadi tu" usiitegemee kama ngao, ukiambiwa na grupu zima kuwa ni klipu ya zamani na ukaendelea kuisambaza utaulizwa ulijua au hukujua.

La mwisho ndo linalonipa hofu zaidi. Ile ile lokesheni tunayoitaka sisi inaweza kumuonesha mtu yeyote dirisha ulilosimama ukipiga. Kwahivo faili orijino mpe mwandishi mmoja unaemjua, mwambie kama hutaki jina lako litoke na kama nyuso za jirani zifichwe, na usilitupe faili hilo kwenye grupu lenye watu mia mbili ambao nusu yao huwajui.